Swali la Kumi na Moja

Katika mji wa chuo, Tartu, mitaa ya bondeni
ina majina ya mboga: Viazi, Maharage, Njegere.
Wenyewe hupaita Mji wa Supu,
na mto ukifura mwezi wa nne
supu huingia hadi sebuleni.

Mimi ni karani wa urithi. Nina futikamba,
nina kamera, nina fomu ya kurasa nne
ambayo swali lake la kumi na moja lauliza:
Je, mtu mashuhuri amewahi kuishi humu?

Bi Urve Kallaste, miaka themanini na mmoja,
akakoroga kahawa isiyo na sukari, akafikiri.
"Aliwahi kupanga Heino, wa udaktari.
Alifeli anatomia mara tatu.
Lakini kuni! Mtaa mzima hapakuwa na mtu
wa kupasua kuni kama Heino.
Haya, andika."

Nikaandika: Hakuna.

Nyumba ya jirani ilikufa bila kuuawa.
Mwenyewe aliacha kigae kimoja kianguke,
akaiachia mvua kazi iliyobaki,
akangoja.
Sasa pana bango: vyumba mia mbili vya wanafunzi,
paa bapa, baiskeli za kupakwa rangi,
vijana wa kuchorwa wanacheka wasijue baridi.

Nyuma ya jiko la vigae karatasi ya ukuta imebanduka.
Nikahesabu kwa ukucha: tabaka saba.
Maua ya buluu. Mistari ya kahawia.
Gazeti la utawala uliokwenda
juu ya gazeti la utawala uliokwenda kabla yake,
maadui wawili wameshikanishwa kwa gundi ya unga.
Na chini kabisa, karatasi ya mwanafunzi,
hesabu za mwendo wa sayari,
imekatwa kwa wino mwekundu.
Miaka mia moja baridi imezuiwa mlangoni
na jibu lisilo sahihi.

Hilo fomu haikuuliza.

Barua ikatoka: nyumba imehifadhiwa.
Kibao kikapigiliwa, mstahiki meya akala keki.
Oktoba, Bi Urve akapanda ngazi za ofisi yangu
ngazi moja moja, kama anayezilipia.
Anataka madirisha ya plastiki.
Nikamwambia hairuhusiwi: msonobari kwa msonobari,
vioo sita kila ubawa, kama mwanzo.

"Sawa," akasema. "Dirisha lina haki ya kuzeeka.
Na magoti yangu je, ni ya mwaka gani?
Si unayo futikamba? Yapime."

Nilikuwa nacho kifungu cha sita mdomoni.
Nikakimeza kama mwiba wa samaki.

Jumamosi nikaenda na puti, kisu,
na mafuta ya kitani yanayonuka kama chumba cha babu.
Tukatoa vioo ishirini na vinne.
Kioo cha kale kina mawimbi: ukiinamisha kichwa,
mnara wa chuo unayumba juu ya mapaa
kama profesa anayerudi kwake usiku wa mahafali.
Nilivunja viwili.
"Hata Heino," akasema Bi Urve,
"hakuwahi kuvunja viwili kwa siku."
Akaniletea supu. Ya njegere, bila shaka.

Tulipomaliza, baridi bado ilipita,
ila sasa ilibidi ijipange foleni.

Jumatatu nikaifungua fomu yake kabatini,
nikakata "Hakuna." Nafasi ni mstari mmoja tu.
Heino, nikaandika, mpasua kuni.
Mkuu wangu akairudisha mezani
na alama ya kuuliza, kubwa, ya wino mwekundu.

Bado iko hapa. Sijamjibu.
Bi Urve amesikia, naye ameniomba nimpelekee:
karatasi ya serikali, asema, ni nzito kuliko ya gazeti,
na chini ya dirisha la jikoni
pana ufa anaoujua yeye,
upana wake kama kurasa nne.